Mgeni asiyelala: Meli za kitalii na hatima ya vijiji vya Sinaloa

KILA meli kubwa ya kitalii inapofunga gati katika bandari ya Mazatlán, jimboni Sinaloa, magharibi mwa Mexico, hesabu ya muda huanza. Abiria hushuka asubuhi. Jioni wanatakiwa wawe wamerejea melini. Katika mchana huo mmoja, madereva wa mabasi, waongoza watalii, wapishi na mafundi wa vijijini wote hutarajia kupata riziki kutoka kwa mgeni ambaye hatalala hata usiku mmoja katika ardhi yao.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali lililozuka upya tangu serikali ya Mexico ilipoanza kuwatoza abiria wa meli hizo, Julai 2025, ni iwapo mwenyeji anapona kweli, na ni mwenyeji yupi anayepona. Jibu lake halipatikani gatini, ambako vichwa vya abiria huhesabiwa. Linapatikana takriban kilometa 70 kutoka hapo, katika kijiji cha Copala, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kituo maarufu cha ziara za siku moja, na ambacho leo mitaa yake ya mawe imebaki kimya.

Mgeni ambaye kisheria hajafika

Mexico ni miongoni mwa nchi zinazopokea abiria wengi zaidi wa meli za kitalii duniani. Kwa mwaka hupokea abiria takriban milioni 10, na kisiwa cha Cozumel peke yake, upande wa bahari ya Karibiani, hupokea zaidi ya milioni 4. Upande wa Pasifiki, safari nyingi huanzia California na kuchukua muda wa wiki moja, zikipitia Cabo San Lucas, Mazatlán na Puerto Vallarta kabla ya kurejea zilikotoka.

Pamoja na wingi huo, kwa muda mrefu abiria hao hawakulipa tozo ya uhamiaji ambayo mtalii anayeingia kwa ndege hulipa. Sababu ilikuwa ya kisheria. Kwa kuwa walilala melini, sheria iliwahesabu kuwa ni wapita njia. Mtu aliweza kula, kununua, kupanda basi hadi milimani na kurudi, lakini katika vitabu vya serikali alikuwa bado hajaingia nchini.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Bunge la Mexico liliamua kufuta msamaha huo na kuweka tozo ya dola 42 za Marekani kwa kila abiria. Makampuni ya meli yalikuja juu. Chama chao cha Florida na Karibiani kilidai kuwa tozo hiyo ingezifanya bandari za Mexico ziwe ghali mno zikilinganishwa na za visiwa jirani, na kwamba meli zingeweza kubadili njia. Mazungumzo yakafanyika, utekelezaji ukasogezwa mbele, na hatimaye pande mbili zikakubaliana kuanza na dola 5 tu mwezi Julai 2025, kiwango hicho kikipangwa kupanda hatua kwa hatua hadi kufikia dola 21 mwaka 2028.

Katika mvutano huo wote, pande zilizokaa mezani zilikuwa mbili: serikali kuu na makampuni ya meli. Katika mpango wa awali, sehemu kubwa ya fedha ambazo zingekusanywa ilitengwa kwa ajili ya jeshi, ambalo katika miaka ya karibuni limekabidhiwa ujenzi na uendeshaji wa miradi mingi ya uchukuzi nchini humo. Vijiji ambavyo picha zake hutumika kuuzia safari havikuwa na kiti.

Njia ya kwenda Copala

Ili kuelewa kilichopotea, ni vema kuifuata njia yenyewe. Ziara ya vijijini iliyokuwa ikiuzwa zaidi Mazatlán katika miaka ya 1990 na 2000 iliondoka gatini asubuhi, ikaelekea kusini hadi Villa Unión, kisha ikageuka mashariki na kuifuata barabara namba 40 inayopanda milima ya Sierra Madre kwenda Durango.

Kituo cha kwanza kilikuwa Malpica, kijiji kidogo ambako wageni walionyeshwa vigae vya sakafu vikitengenezwa kwa mikono, na mikate ya sukari ikitolewa katika tanuri la kuni. Kituo cha pili kilikuwa Concordia, mji uliotokana na makazi ya Wahispania ya mwaka 1565, unaosifika kwa mafundi wake wa samani na vyungu. Katikati ya uwanja wake wa mji kuna kiti kikubwa mno cha kubembea, ambacho ni kama bango la biashara ya mji mzima, na ambacho kila mtalii alipigwa picha akiwa amekikalia.

Mwisho wa safari ulikuwa Copala. Kijiji hiki nacho asili yake ni ya mwaka huo wa 1565, na kilikua kwa sababu ya madini ya fedha yaliyochimbwa katika milima inayokizunguka. Migodi ilipofifia, Copala ilibaki na kanisa lake la karne ya 18, nyumba zenye paa za vigae vyekundu, mitaa ya mawe, na wakazi mia chache tu. Uzee huo ndio uliogeuka kuwa mtaji. Wageni walikula chakula cha mchana kwenye baraza inayotazama milima, wakamalizia na kipande cha pai ya ndizi na nazi ambayo sifa zake zilienea melini, wakanunua sanamu ndogo zilizochongwa kwenye gome la mti kutoka kwa watoto, wakapiga picha na punda, kisha wakapanda basi kurudi.

Si haki kuidharau biashara hiyo. Kwa kijiji ambacho vijana wake walikuwa na njia tatu tu, yaani kwenda mjini, kuvuka mpaka kuingia Marekani, au kujiunga na wakulima wa mihadarati milimani, meza za chakula cha mchana zilikuwa njia ya nne. Mwanamke aliyeoka mikate Malpica hakuhitaji mtaji mkubwa wala cheti. Alihitaji basi lisimame.

Fedha inavyogawanyika

Hapo ndipo penye udhaifu wa mfumo wenyewe. Basi linasimama kwa amri ya nani?

Abiria wengi hununua ziara ndani ya meli, mara nyingi kabla hata hawajaondoka nyumbani. Kampuni ya meli huchukua sehemu yake, na si sehemu ndogo. Kinachobaki hulipwa kampuni ya usafirishaji ya mjini, ambayo nayo hulipa basi, mafuta, dereva, mwongozaji na chakula. Mwongozaji hutegemea sana bahashishi anayopewa mwisho wa safari. Kijiji hupata bei ya chakula iliyokubaliwa mapema, pamoja na kile ambacho mgeni ataamua kununua kwa muda aliopewa kuzunguka, ambao mara nyingi hauzidi saa moja.

Wapo abiria wanaokwepa utaratibu huo na kupatana na waongozaji wa kujitegemea nje ya geti la bandari. Hawa hulipa kidogo na kijiji huweza kupata zaidi. Lakini makampuni ya meli yana hoja moja yenye nguvu ambayo huirudia kila safari: ziara iliyonunuliwa melini ikichelewa, meli itasubiri, ziara iliyonunuliwa nje ikichelewa, meli itaondoka na abiria atajua mwenyewe jinsi ya kuifuata bandari inayofuata. Kwa mtu aliye katika nchi asiyoijua lugha yake, hofu hiyo inatosha kumfanya afungue pochi melini.

Kwa hiyo kijiji kina chakula, kina mafundi, kina historia na mandhari, lakini hakina mteja. Mteja ni wa meli. Kijiji huazimwa mteja huyo kwa saa chache, na aliyemwazima anaweza kumchukua wakati wowote bila kutoa sababu.

Mapigo matatu

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 2011. Vita vya magenge ya dawa za kulevya vilikuwa vimeifikia Mazatlán, na mwanzoni mwa mwaka huo makampuni makubwa, yakiwemo Princess na Carnival, yaliiondoa bandari hiyo katika ratiba zao. Uamuzi ulitolewa katika ofisi za Marekani, na utekelezaji wake ulikuwa wa mara moja. Mabasi yaliyokuwa yakipanda kwenda Copala yalibaki yameegeshwa.

Pigo la pili lilikuwa la damu. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 2012, watu tisa waliuawa kwa risasi katika kijiji cha El Platanar de los Ontiveros, ndani ya manispaa ya Concordia. Habari ya namna hiyo haihitaji kurudiwa mara mbili kwa mtu anayepanga safari ya mapumziko. Familia kadhaa za vijiji vya milimani zilianza kufunga milango na kuhamia Mazatlán.

Pigo la tatu halikuwa na bunduki, na huenda ndilo linalosahauliwa zaidi. Oktoba 2013 serikali ilifungua barabara kuu mpya ya kulipia kati ya Durango na Mazatlán, kazi kubwa ya uhandisi yenye urefu wa kilometa 230, mahandaki zaidi ya 60, na daraja la Baluarte linaloning'inia takriban mita 400 juu ya mto. Barabara ya zamani ilikuwa na kona kali kiasi kwamba sehemu yake moja huitwa Uti wa Mgongo wa Shetani. Safari iliyochukua karibu siku nzima ikawa ya saa chache. Kwa Durango ilikuwa neema, kwani familia zake sasa huweza kwenda ufukweni mwishoni mwa wiki. Kwa Mazatlán pia ilikuwa neema. Lakini madereva wa malori na wasafiri waliokuwa wakisimama kando ya barabara ya zamani kula na kununua hawakuwa na sababu tena ya kupita huko.

Mwezi mmoja tu baadaye, Novemba 2013, meli za kitalii zilianza kurejea Mazatlán. Gati likachangamka tena, na viongozi wa utalii wakasherehekea. Lakini ziara ya Copala haikurudi katika hali yake ya zamani. Meli zilirudi bandarini, hazikurudi kijijini. Ziara zinazouzwa sasa hukaa zaidi karibu na bahari: mji wa kale na ukumbi wake wa Ángela Peralta, wapiga mbizi wa majabalini, masoko ya kamba, na ufukwe wa Isla de la Piedra upande wa pili wa mlango wa bandari.

Ramani iliyochorwa na tahadhari

Makampuni ya meli hayawezi kulaumiwa kwa kila kitu. Yana wajibu wa kulinda maisha ya abiria, na mwanasheria wa kampuni yoyote atauliza swali moja: serikali ya Marekani inasemaje? Tangu mfumo wa tahadhari wa madaraja manne ulipoanza mwaka 2018, Sinaloa imewekwa katika daraja la nne, la juu kabisa, linalowataka Wamarekani wasiende huko.

Hata hivyo, tahadhari hiyo ilikuwa na mwanya wake. Kwa miaka kadhaa watumishi wa serikali ya Marekani waliruhusiwa kufika Mazatlán kwa ndege au kwa meli, mradi wasitoke nje ya eneo la hoteli, mji wa kale, na njia ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege au gati la meli. Kwa maneno mengine, ramani ya usalama ilichorwa ikalizunguka gati na ufukwe, na vijiji vikaachwa nje ya mstari. Abiria wa kawaida hafungwi na amri hiyo, lakini kampuni ya bima huisoma.

Hali imekuwa mbaya zaidi tangu Septemba 2024. Baada ya Ismael Zambada, mmoja wa vigogo wa genge la Sinaloa, kukamatwa nchini Marekani mwezi Julai mwaka huo, makundi mawili ya genge hilo yaligeukiana. Katika mwaka mmoja wa kwanza wa mapigano hayo zaidi ya watu 1,000 waliuawa jimboni humo. Februari 2025 Marekani ikaliweka genge hilo katika orodha ya makundi ya kigaidi. Vijiji vya milimani vya Concordia viliathirika tena, na familia zikahama kwa mara nyingine. Januari 2026 wafanyakazi 10 wa mradi wa uchimbaji madini ya fedha wa kampuni ya Canada walitekwa katika manispaa hiyo hiyo, na baadhi yao baadaye walikutwa wameuawa. Madini yaliyoijenga Copala karne nyingi zilizopita yamewavuta tena watu wa mbali, nao wamekutana na hofu ile ile iliyowafukuza watalii.

Somo la El Quelite

Kaskazini mwa Mazatlán kuna kijiji kingine ambacho hadithi yake inatoa mwanga. El Quelite hakina migodi ya zamani wala sifa kubwa ya kihistoria. Kina barabara zilizopambwa kwa maua, farasi, majogoo, jibini, na mchezo wa kale wa mpira wa nyonga uitwao ulama, ambao umedumu Sinaloa tangu kabla ya Wahispania kufika. Wakazi wenyewe walianza kukipendezesha kijiji, na jimbo likakiingiza katika orodha yake ya vijiji vya heshima, orodha ambayo Copala nayo imo.

Tofauti ya vijiji hivi viwili iko kwa mteja. El Quelite hupokea watalii wa meli, lakini hakiishi kwa kuwategemea wao peke yao. Siku ya Jumapili familia za Mazatlán huendesha magari hadi huko kwa ajili ya kifungua kinywa, hukaa, hununua jibini na mikate, na hurudi wiki nyingine. Meli zilipoondoka mwaka 2011 kijiji kilitikisika, lakini hakikuanguka. Mgeni wake alikuwa ni jirani yake, ambaye hasomi tahadhari za Washington kabla ya kwenda kula.

Hilo halimaanishi kwamba El Quelite kimesalimika na hofu ya vita vya sasa. Jirani naye huogopa barabara. Lakini jirani ndiye wa kwanza kurudi amani ikirejea hata kwa wiki moja, ilhali ofisi ya ratiba za meli hupanga safari zake mwaka mmoja au miwili kabla, na mahali palipofutwa huchukua muda mrefu kurejeshwa.

Tozo na deni

Kwa kuzingatia hayo, mjadala wa dola 5 au dola 42 umekuwa ukijikita mahali pasipostahili. Hoja ya makampuni kwamba tozo itawafukuza abiria ni ya kutiliwa shaka, kwani mtu anayelipia safari ya wiki nzima hawezi kuiacha kwa sababu ya bei ya chakula cha mchana. Hoja ya serikali kwamba mgeni wa baharini alipe kama wa angani ni ya haki. Lakini haki hiyo inaishia hazina kuu. Hakuna kifungu kinachoielekeza tozo hiyo katika ukarabati wa barabara ya zamani ya Concordia, katika ulinzi wa njia ya vijijini, au katika mikopo kwa mafundi wa samani.

Mexico haikosi uzoefu wa kuviinua vijiji. Mpango wake wa Miji ya Kimaajabu, ulioanzishwa mwaka 2001, ulikuwa umefikia miji 177 mwaka 2023, na ndani ya Sinaloa miji kama Cosalá na El Rosario imo. Kinachokosekana ni kiungo kati ya mpango huo na gati. Manispaa iliyo nyuma ya bandari ingeweza kupewa sehemu ya tozo kwa kila abiria anayeshuka. Leseni za kuuza ziara zingeweza kuambatana na sharti la mkataba wa msimu mzima na vijiji, badala ya mpango unaovunjwa kwa simu moja. Vijiji vyenyewe vingeweza kuwa na ofisi yao ya ziara bandarini, ili mgeni atakaye kwenda milimani aipate bei ya kijiji kabla hajaipata ya meli.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo litakalofaa kitu iwapo barabara haina usalama. Hapa ndipo penye kinaya cha suala zima. Serikali ilipopanga kulipatia jeshi sehemu ya fedha za abiria, ililenga miradi mikubwa ya uchukuzi. Na jeshi hilo hilo ndilo linalohitajika katika kona za Concordia. Askari wanaoshika doria kando ya ufukwe wa Mazatlán humhakikishia mtalii amani ya mchana mmoja. Wakazi wa milimani wanahitaji amani ya mwaka mzima, tena hawaihitaji kwa ajili ya watalii kwanza. Wanaihitaji ili warudi kulala katika nyumba zao.

Huo ndio mzani ambao sera yoyote ya utalii wa vijijini Mexico itapimwa kwao. Meli zitaendelea kufunga gati, na tozo itapanda kama ilivyopangwa. Lakini kijiji kilichohamwa hakiwezi kuonyeshwa kwa mgeni, hata mgeni huyo akija na basi lililojaa. Copala ilijifunza kumkaribisha mtu asiyelala. Sasa inasubiri wenyewe waliokuwa wakilala hapo warudi, na hao hawamo katika orodha ya abiria wa meli yoyote.